Mikarafuu saba ya bibi: kisa cha mteremko mmoja Pemba

Kusini mwa Pemba, kwenye mabonde ya upande wa Mtambile, ipo mikarafuu saba iliyosimama kwenye mteremko mmoja. Asubuhi moja ya Oktoba 2011 watu watatu walikutana chini yake, kila mmoja akisema karafuu ni zake. Mmoja ni shangazi yangu, aliyekuja na upembo wa kuvutia matawi na binti zake wawili. Mwengine ni jirani yetu, mtoto wa mzee aliyepewa eka tatu baada ya Mapinduzi. Wa tatu ni kijana wa Micheweni, upande wa kaskazini mashariki ya kisiwa, aliyekodi msimu mzima kwa huyo jirani, fedha keshalipa, na nyuma yake wamesimama wachumaji wanne wenye mapakacha.

Hakuna aliyekuwa mwizi pale, wala hakuna aliyesema uongo. Nimekaa na kisa hiki miaka mingi, nikiuliza wazee na kurudi shambani kuangalia mipaka, na nimefika mahali pa kuamini kwamba kila mmoja alikuwa na haki kwa sheria ya zama zake. Bahati mbaya zama tatu zimeangukia mteremko mmoja.

Karafuu haingoji hukumu. Vikonyo vinapoanza kugeuka rangi, kutoka kijani kwenda wekundu, zimebaki siku za kuhesabu. Ua likishafunguka, umekosa. Kwa hiyo ugomvi ule haukuwa wa kupelekwa mjini na kurudi baada ya miezi sita.

"Mikarafuu hii nimeichuma na mamangu wewe hujazaliwa," shangazi alimwambia kijana.

"Mama, mimi sikatai," kijana akajibu. "Lakini fedha yangu imeshatoka, na hawa niliokuja nao wanataka kula."

Jirani alimgeukia shangazi, akasema taratibu, "Dada, mimi na wewe tumekua pamoja. Lakini hii ni eka ya baba."

Nianze na dai la shangazi, kwa sababu ndilo lenye mizizi mirefu, na mizizi yake inaanzia siku moja ya upepo.

Mkarafuu si mti wa kwetu. Asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo, na ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kupitia visiwa vya Kifaransa vilivyo mashariki ya Bukini, yaani Madagaska. Sultani Sayyid Said ndiye aliyeufanya zao la dola. Pemba wakati huo ilikuwa na kazi nyengine. Mabonde yake yalikuwa ya mpunga, na kwa karne kadhaa Mombasa ilikula kutoka Pemba. Mikarafuu ilipandwa huku pia, lakini kitovu kilikuwa Unguja, na Pemba ilikuwa ikifuata nyuma.

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikaipiga Unguja. Vimbunga vya Bahari ya Hindi ni nadra kufika karibu hivi na ikweta. Kinachovizungusha ni mwendo wa dunia wenyewe, na nguvu hiyo hufifia kadiri ikweta inavyokaribia. Unguja iko kama nyuzi 6 kusini ya ikweta na Pemba kama nyuzi 5, kwa hiyo watu wa visiwa hivi walizijua pepo za kusi na kaskazi, walizijua mvua za masika, lakini hawakujenga wala kupanda kwa kutazamia upepo wa namna ile. Ukalaza sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja, ukavunja majahazi na meli za Sultani Barghash zilizokuwa bandarini. Pemba, iliyo kama kilomita 50 kaskazini, ilinusurika kwa sehemu kubwa.

Mche wa mkarafuu huchukua miaka sita, saba, hata minane kabla ya kuzaa. Unguja ilipokuwa ikingoja miche yake ikue, bei ilipanda, na mwenye mti uliosimama Pemba akawa ameshika mali. Kila aliyekuwa na uwezo alitazama kaskazini. Leo zaidi ya robo tatu ya karafuu za Zanzibar hutoka Pemba, na ukiuliza kwa nini, jibu linapita kwenye siku ile.

Linapita hapo lakini haliishii hapo. Upepo ule uliwasalimisha watu wa Micheweni kama ulivyowasalimisha watu wa Mtambile, na Micheweni haikupata karafuu. Magharibi ya Pemba ni vilima vifupi vyenye udongo mzito wenye kina, na mvua zake huzidi za Unguja. Mashariki ni uwanda wa mawe ya matumbawe, udongo umejikusanya kwenye vishimo baina ya miamba, unapanda muhogo na mtama na mkarafuu unakufa. Mtu anayesema tabia ya nchi ndiyo iliyoifanya Pemba ilivyo hajaitembea Pemba kutoka magharibi kwenda mashariki. Ni safari ya asubuhi moja, na utapita kwenye maisha ya namna mbili.

Na hata pale penye udongo mzuri, upepo haukusema nani atamiliki. Hilo walilipanga watu. Ardhi ilikuwa ya Wapemba, kwa viambo, ukoo na ukoo. Waarabu wa Oman waliokuja au waliokuwapo tayari walikuwa na mtaji, na walikuwa na watumwa. Mapatano yaliyoenea huku yakaitwa nusu kwa nusu: mwenyeji anatoa ardhi, mgeni anasimamia kufyeka na kupanda, na mikarafuu ikishashika shamba linagawanywa, huyu nusu na yule nusu. Babu yake bibi yangu, kwa masimulizi ya kwetu, alipata sehemu yake kwa njia hiyo.

Nusu ile ya babu yetu ilifyekwa kwa mikono ya watu ambao hawakupewa fungu lolote. Mwaka mmoja tu baada ya kimbunga, Juni 1873, Barghash alitia saini mkataba na Waingereza wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na wakati huo huo Pemba ilihitaji mikono kuliko wakati wowote. Matokeo yake watumwa waliendelea kuingizwa kwa siri. Pwani ya magharibi ya Pemba imekatwakatwa na hori na vijito vya mikoko ambamo jahazi dogo hupotea machoni mwa manowari. Desemba 1881 Kapteni Brownrigg wa manowari ya HMS London aliuawa karibu na Pemba alipokuwa akikagua jahazi la watumwa. Hadhi ya utumwa kisheria ilifutwa 1897 tu. Tunaposema shamba la ukoo, tunasema na hayo.

Lakini nusu kwa nusu ilizaa kitu ambacho Unguja haikukipata. Kule ardhi nzuri ya magharibi iliingia zaidi kwenye mashamba makubwa, na wenyeji wengi wakabaki upande wa mawe, mashariki na kusini. Huku Pemba, mwenyeji wa kawaida alibaki na mikarafuu yake, kumi, ishirini, hamsini, pembeni ya shamba la Mwarabu. Walichuma msimu mmoja, wakaanika jua moja, wakaoana. Zao moja, dola moja, visiwa vinavyoonana kwa ndege ya nusu saa, na jamii mbili tofauti. Nadhani sehemu kubwa ya yaliyokuja kutokea katika siasa za visiwa hivi yanaanzia kwenye tofauti hii ya nani alikuwa na mti na nani hakuwa nao.

Sasa nifike kwenye saba. Baba yake bibi alifariki kabla ya Mapinduzi akaacha mikarafuu 32 kwenye mteremko ule, mke mmoja, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike. Mirathi ikahesabiwa kwa miti. Mke thumni, moja ya nane, yaani mikarafuu minne. Ikabaki 28. Mwanamume mafungu mawili, kila mwanamke fungu moja: 14, saba na saba. Bibi akapata saba zake, na kila mti ulitiwa alama kwa panga. Kwetu mti na ardhi ni mali mbili. Mtu anaweza kumiliki mkarafuu uliosimama kwenye ardhi ya mwengine, akauchuma, akaurithisha, akauweka rehani, na mwenye ardhi akapanda muhogo chini yake bila ya ugomvi. Bibi aliolewa kijiji cha pili, lakini kila msimu alirudi kuchuma saba zake. Alipofariki zilikuwa za watoto wake wawili, na baba yangu akamwachia dada yake sehemu yake. Hilo ndilo dai la shangazi.

Dai la jirani ni fupi kulieleza. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ardhi ilitaifishwa, na kuanzia 1965 mashamba makubwa yakakatwa eka tatu tatu wakapewa watu wasio na ardhi. Shamba kubwa lililopakana na letu lilikatwa. Wapimaji walikuja na kamba, na kamba ikashuka mteremkoni kuliko mpaka wa zamani. Mikarafuu saba ikaingia ndani ya eka ya mzee mwenzetu, baba yake jirani. Hakuna mtu wa kwetu aliyekwenda kusema kitu. Haikuwa miaka ya kwenda kusema kitu. Bibi aliendelea kuja kuchuma, na yule mzee, Mungu amrehemu, alimwacha.

Kwenye ukoo wetu nimesikia eka zikisemwa kama wizi. Siwezi kulikubali neno hilo. Mzee yule alizaliwa na wachumaji waliokuwa watoto wa wachumaji. Vizazi viwili walipanda mikarafuu ya watu, wakalipwa kwa pishi, yaani kwa kipimo cha walichochuma, wakalala kwenye vibanda vya shamba ambalo wangeweza kufukuzwa siku yoyote. Eka tatu zilikuwa kitu cha kwanza cha ardhi kuandikwa kwa jina la mtu wa nyumba ile. Sheria ya Ardhi ya 1992 inasema ardhi yote Zanzibar ni mali ya umma, na mwenye eka ana haki ya kuitumia na kuirithisha. Mtoto wake aliposema "hii ni eka ya baba" alikuwa anasema jambo lenye uzito kama la shangazi. Upungufu wa dai lake ni kwamba waliopima walipima ardhi, na hawakuuliza juu ya miti.

Kijana wa Micheweni naye asionekane mpita njia. Watu wa upande wa mawe wana bahari, wana mwani, wana muhogo, na msimu wa karafuu ukiingia wanahamia magharibi, wanapiga dago, yaani kambi, mashambani wiki kwa wiki. Wamefanya hivyo toka zama za babu zao. Wengi huchuma kwa pishi, na wachache wenye fedha kidogo hukodi. Kukodi ni kuutazama mti ungali na vikonyo vichanga, kukisia utatoa kiasi gani, na kulipa kabla. Mvua ikiingia wakati wa kuanika, hasara ni ya mkodi. Mchumaji akianguka, na mikarafuu ni mirefu na matawi yake hukatika bila taarifa, gharama ni ya mkodi. Kwa hiyo kati ya watu watatu wale, yeye peke yake ndiye aliyekuwa ameweka fedha mezani. Na kama udongo wa kwao ungekuwa mwengine, asingekuwa pale.

Swali lililonisumbua zaidi ni hili: kwa nini 2011? Eka ilikatwa zaidi ya miaka 40 nyuma. Bibi na mzee walimaliza umri wao bila kugombana. Warithi wao walikaa miaka mingi bila kugombana. Jibu nimelipata Indonesia.

Waindonesia huvuta sigara zilizochanganywa na karafuu, na kwa miongo mingi walikuwa wanunuzi wakubwa wa karafuu ya Zanzibar. Kisha wakapanda mikarafuu yao wenyewe kwa wingi, na kufikia miaka ya 1980 walikuwa wakijitosheleza. Bei ya dunia ikaanguka. Huku kwetu mnunuzi halali ni mmoja, shirika la biashara la serikali, na bei aliyokuwa akiitoa wakati huo haikutosha hata kumlipa mchumaji. Nakumbuka nikiwa mdogo mikarafuu ya bibi imezingirwa na vichaka, karafuu zinachanua na kuanguka, shangazi anapita pembeni yake kwenda bondeni kwenye mpunga. Nani agombanie mti usiolipa? Waliokuwa bado wanachuma, wengi wao waliuza kwa magendo, usiku, kwa mashua, kwenda Kenya, kwenye hori zile zile za mikoko zilizowaficha wenye majahazi ya watumwa miaka mia moja kabla. Pwani ile haijabadilika. Kilichobadilika ni mzigo na doria.

Mwaka 2011 serikali ilipandisha bei ya karafuu kwa kiasi kikubwa, na katika miaka iliyofuata kilo moja ya daraja la kwanza ilikaa kwenye shilingi 14,000. Vichaka vikafyekwa Pemba nzima kwa mwezi mmoja. Na kila mpaka uliokuwa umelala ukaamka. Ninavyoona, sheria zetu tatu za mteremko ule zilikuwa zimekaa pamoja kwa amani kwa sababu mti ulikuwa hauna thamani, na pia kwa sababu wazee wawili walikuwa wanajuana. Thamani ilirudi wakati wazee wameshakwenda.

Wakati watatu wale wamesimama pale, mawingu ya vuli yalikuwa yanajikusanya upande wa Mkoani. Nalitaja kwa sababu lilifanya kazi kubwa kuliko hoja yoyote. Sheha, kiongozi wa serikali wa pale kijijini, aliitwa na akaja na wazee wawili. Hawakukaa barazani, walikaa kwenye mizizi, chini ya mti wa tatu kutoka juu. Mmoja wa wazee alitafuta alama ya panga kwenye gome, akaikuta, imepanuka kwa umri mpaka inaonekana kama kovu la mtu. Akamwonesha jirani. Jirani akaigusa, hakusema kitu.

Walichoamua ni hiki. Karafuu zichumwe siku ile ile, na wachumaji wa Micheweni ndio wachume, walipwe pishi zao kwanza kabla ya mtu yeyote. Zikiuzwa, fedha itakayobaki ikatwe nusu kwa nusu: nusu ya mti kwa shangazi, nusu ya ardhi kwa mwenye eka. Kwa kuwa mwenye eka alikwishaiuza nusu yake kwa kukodisha, nusu hiyo aichukue kijana. Na jirani amrejeshee kijana ile sehemu ya kodi aliyoipokea kwa kitu ambacho hakikuwa chake chote. Jirani alilipa kwa mafungu mawili, la pili baada ya Sikukuu ya Mfunguo Tatu.

Nilimuuliza mzee mmoja baadaye wamelitoa wapi gawio lile. Alinishangaa. "Karafuu hugawanywa nusu kwa nusu," akasema, kama mtu anayeambiwa aeleze kwa nini maji yanateremka. Mapatano yaliyofanywa baina ya mwenyeji na mgeni miaka ile baada ya kimbunga yalikuwa bado yapo kichwani mwake, yakingoja kutumiwa. Hayakuandikwa popote kwenye mteremko ule. Sheria mpya mbili zilipita juu yake na yakabaki.

Uchumaji ulichukua siku tatu. Usiku tulikaa uwanjani kwa shangazi kuchambua, wanawake, watoto na mimi niliyetoka mjini, vidole vikiwaka kwa mafuta ya karafuu, tumba upande huu na makonyo upande ule. Kijana wa Micheweni alikaa nasi usiku wa pili, na shangazi akampakulia kwanza. Siku ya kuanika majamvi yalikunjwa na kukunjuliwa mara tatu kwa manyunyu, kwa sababu karafuu ikirowa hupauka, na kituoni hushushwa daraja. Kilo tatu mbichi hutoa kama moja kavu. Saba zile zilitoa kilo 31.

Mgawo ule umeendelea misimu yote iliyofuata bila ya sheha kuitwa tena. Lakini mikarafuu yenyewe ni mizee. Miwili imekauka kileleni, na mmoja umeinama upande wa bondeni. Mila inayosema mti ni mali mbali na ardhi haisemi kitu juu ya mti uliokufa. Mwenye mti akipanda mwengine kwenye eka ya mtu, ameanzisha dai jipya. Asipopanda, dai la zamani linakwisha lenyewe, tawi baada ya tawi.

Masika iliyopita shangazi alipata miche miwili ya bure kutoka kwenye kitalu cha serikali. Ana zaidi ya miaka sabini sasa, na anajua mche huzaa baada ya miaka mingapi. Alikwenda mteremkoni alfajiri, kabla ya watu kutoka, akaipanda baina ya mti wa pili na wa tatu, akarudi nyumbani hakumwambia mtu.

Mche wa mkarafuu ukiachwa juani mwaka wa kwanza hufa. Nilipokwenda Julai niliikuta yote miwili imechomekewa makuti mabichi kuizunguka, yaliyosukwa vizuri, na chini imemwagiwa maji. Nilimuuliza shangazi kama ni yeye. Akasema magoti hayamwezi tena kushuka kule.

Makuti yalikatwa kwenye mnazi ulio kwenye eka ya jirani. Kisiki cha kuti kilikuwa bado kinatoa maji.